Unga wa Msiba Usiokuwepo

Mama yake Mpiga Kinanda alizikwa na watu wachache kuliko wale wanaojitokeza jirani akichinja nguruwe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kwetu wakimtaja huyu bwana huanza na vidole vyake, wakaja kwenye misa za Krismasi, wakaja kwenye ule wimbo wake, halafu wakifika kwenye mazishi ya mama yake wanakohoa na kuuliza habari za mahindi. Mimi sikohoi. Niliimba chini yake miaka mingi, nikampenda kwa namna unavyompenda mtu msumbufu, na nikinyamaza atabaki yule wa kwenye karatasi ya kanda yake ya muziki, kijibwana cha makamo kilichovaa miwani ya jua ya kuazima.

Jina lake la ubatizo lipo msalabani, anayelitaka akalisome. Sisi tulimwita Mpiga Kinanda, hata baada ya kinanda chenyewe kufa. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga, kilichoachwa na wamisionari, na ili kitoe sauti ilibidi miguu iende muda wote kukijaza upepo. Miguu yake ilizoea hivyo ikashindwa kuacha. Alikanyaga mezani, alikanyaga wakati wa mahubiri, alikanyaga akisubiri chai. Ukikaa naye benchi moja ulihisi benchi linapumua.

Majina yetu hakuyajua, au aliyajua akayaona hayana kazi. Alituita kwa sauti zetu. Mkewe aliimba sauti ya kwanza, basi alikuwa Sauti ya Kwanza mpaka jikoni. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili, na nilipoolewa kijiji cha karibu na Mapera kisha nikarudi na watoto na mabegi yangu, alinipokea kanisani kana kwamba nilitoka nje kupiga chafya. Alisema tu, "Sauti ya Pili, umechelewa." Nilikuwa nimechelewa miaka kadhaa. Sikuwahi kupokewa vizuri namna ile na mtu mwingine yeyote, hata mama yangu mzazi aliuliza maswali.

Tukikosea alifunga macho, akasubiri mpaka aliyekosea ajijue, ndipo aseme, "Tuanze upya, na safari hii tuwe watu." Maneno hayo yameenea kwetu. Hata wanaume wakishindwa kuinua gari lililokwama kwenye tope hutasikia wakisema moja-mbili-tatu. Wanasema tuanze upya, na safari hii tuwe watu.

Mikono yake ilikuwa ugomvi wa kijiji. Kwetu mlimani mkono wa mtu mzima ni kama gome, mwanamume anafyeka majani, mwanamke anachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, na hakuna anayeangalia kucha. Yeye alifyeka kama wengine lakini kwanza alivaa soksi kuukuu mikononi, akazifunga kwa kamba ya mgomba. Watu walimcheka waziwazi. Waliuliza kama anakwenda kufyeka au kufunga ndoa. Mama yake, aliyekaa naye nyumba moja, ndiye aliyekuwa anajibu. Alisema mwanangu ana mikono laini kwa sababu niliomba iwe laini, na anayetaka migumu akamzae wake. Na kwa vile mama huyo hakuwa mtu wa kubishana naye, soksi zikaendelea.

Kanisani alikataa ngoma. Vijana walipoomba kuweka ngoma kwenye nyimbo za vipaji, zile za matoleo, kama parokia nyingine zilivyokwisha kufanya, aliwaambia kwamba mpiga ngoma akiona msichana anabadilisha mwendo, na Bwana Yesu hawezi kungojeshwa kwa sababu ya sketi ya mtu. Kwa hiyo sote tulidhani ni mtu wa kizamani. Halafu akaja kuwa mtu wa kwanza pande zetu kutengeneza muziki wa disko wa mashine tupu, bila gitaa, bila ngoma ya ngozi. Kumbe ngoma yenyewe hakuwa na ugomvi nayo. Alichokichukia ni kuchelewa.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Ushirika ulikuwa umeanguka, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda mlimani na magari yao, kila mmoja na mizani yake na vipaza sauti vyake. Kuna msimu mmoja kahawa ilipata bei tusiyoizoea, na kila nyumba ikafanya wazimu wake. Wengine walinunua mabati, wengine redio kubwa kama kabati. Mpiga Kinanda alikwenda Songea akarudi na kinanda cha umeme, amekifunika kwa kitenge cha mkewe na kukipakata kwenye basi kama mtoto mgonjwa. Alikiwasha kwa betri ya gari. Ukibonyeza kitufe kilipiga ngoma chenyewe, na hakikuongeza wala kupunguza mwendo mpaka ukizime.

Alituita tukisikie. Alisema, "Huyu hachoki, hachelewi, wala hapati mimba katikati ya Kwaresima." Wakati huo nilikuwa na mimba na Kwaresima ilikuwa katikati. Nilimrushia kitabu cha nyimbo, akakidaka bila kuacha kukanyaga.

Nilimuuliza siku moja anataka nini na midundo hiyo, umri wake ule. Tulikuwa kwenye ngazi za kanisa, wenzetu wameshaondoka. Aliniambia maisha yake yote amepiga nyimbo za wazungu waliokufa zamani, na atakapokufa yeye zitaendelea kupigwa na mtu mwingine, vilevile. "Sijawahi kupiga kitu ambacho kama nisingezaliwa kisingekuwepo," alisema. Nilimwonea huruma, na kidogo nilijionea mwenyewe.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo hutaelewa kilichompata.

Mlimani nyumba hazikai pamoja. Kila mtu na kilima chake, na kati yako na jirani kuna bonde na mto. Mtu akifa, hatumwi mjumbe. Mwanamke wa nyumba ile anatoka uani, anajifunga kanga kiunoni, analia, na kilio hicho kina maneno yake na mpangilio wake. Wa kilima cha pili akisikia anaacha alichoshika na kuitikia, wa tatu anaitikia, mpaka bonde zima limejua. Kisha unachota unga, unatwika kuni, unateremka. Wanaume wanabeba majembe na sepetu za kaburi. Na unga ukishatoka ndani mwako kwa ajili ya msiba haurudi. Hata ukute aliyekufa ameamka na anaomba uji, unga ule utapikwa palepale, maana ukiurudisha umebeba msiba ukaupeleka kwa watoto wako.

Mama yake Mpiga Kinanda ndiye aliyekuwa mfunguzi wa vilio vya bonde letu. Alikuwa na sauti nene yenye ufa katikati. Msiba ukitokea, wafiwa walimsubiri afike ndipo walie vizuri, na akifika hata mwanamume aliyekuwa na deni na marehemu alitokwa machozi.

Mpiga Kinanda alizisikiliza kanda zote za disko zilizokuja na wanunuzi wa kahawa, akagundua kwamba katika nyingi kuna mwanamke anayeita. Anaita njoo, njoo, na watu wanaingia uwanjani. Akasema wanawake hao hawajui kuita. Duniani kote hakuna sauti inayoita watu kama kilio cha kwetu, na hakuna aliyekiweka kwenye kanda. Alimwomba mkewe amlilie kwenye kinasa sauti. Mkewe akamwambia, "Nionyeshe maiti kwanza." Akatuomba sisi wanakwaya, nami nikamjibu akamwombe paroko, labda yeye analia vizuri. Hakuna mwanamke wa kwetu anayelia msiba ambao haupo. Ukilia hivyo unamwita mtu, na hujui atakayeitika ni nani.

Mama yake alitusikia tukikataa. Alitucheka. Alisema hao wanaogopa kumwita mtu, lakini yeye kwa umri wake atamwita nani zaidi ya yeye mwenyewe. "Washa mashine yako," akamwambia mwanawe. "Nitajililia."

Walingoja siku ya mvua kubwa, ili mabati yapige kelele na majirani wasisikie. Haya nimeyapata kwa mkewe, ambaye alitoka akakaa bandani na mbuzi mpaka yakaisha. Bibi yule aliketi juu ya gunia la kahawa akalia kilio chake mwenyewe, chote, kuanzia mwanzo. Alijitaja jina. Alitaja mashamba yake na watoto wake waliotangulia. Alimtaja mwanawe mwenye mikono laini aliyebaki bila mtu wa kumtetea. Na kila baada ya maneno machache aliita, kwa Kimatengo, njooni, tumebaki peke yetu, njooni. Alipomaliza akajifuta uso akaomba togwa.

Hivyo wimbo ulirekodiwa na mvua ndani yake. Huko Songea, kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vipuri, waliuchanganya na mdundo wa kinanda, na mvua haikutoka. Aliuita "Njooni". Kanda ilikuwa na wimbo huo mmoja, upande wa kwanza na upande wa pili uleule. Watu waliigeuza wakitafuta wimbo wa pili, wakakuta bibi analia tena, wakadhani wameibiwa. Yeye alijibu kwamba akipata wa pili atauweka kwenye kanda ya pili. Hakupata.

Aliuzindua msimu wa kahawa, mchana, mwezi wa nane, kwenye senta yetu. Mnunuzi mmoja wa kahawa alikuwa na vipaza sauti juu ya paa la stoo yake, akataka muziki mpya wa kuwavuta wakulima kwenye mizani yake wasiende kwa mwenzake. Vipaza sauti vilielekea bondeni.

Mimi nilikuwa nyumbani nageuza kahawa kwenye kichanja. Hewa ilikuwa kavu, na kwetu hewa ikikauka hata mbwa wa ng'ambo unamsikia akijikuna. Nikasikia kilio. Sauti niliijua, na kwa kuwa yeye huwa analilia wengine, haikunijia kabisa kwamba ni yeye anayeliliwa. Nikajua amekufa mtu wa senta. Nikajifunga kanga, nikaitikia kwa nguvu zangu zote, na nyuma yangu kilima cha tatu wakaitikia. Nilichota unga ndoo nzima, maana kilio kilikuwa kikubwa.

Njiani tulianza kusikia mdundo. Tulisimama. Mama mmoja akasema huenda marehemu ni mchezaji wa mganda na wenzake wanampigia ngoma ya kumuaga. Sote tukaona ndivyo. Tukalia zaidi, kwa heshima ya mganda.

Tulikuta vumbi. Vijana wanacheza, mnunuzi anapima kahawa, na Mpiga Kinanda amesimama pembeni na miwani yake ya kuazima, hachezi, maana hakuwahi kucheza maisha yake yote, ila mguu wa kulia unakanyaga. Tukasimama pale na ndoo vichwani, machozi usoni. Wanaume wetu wakafika na majembe. Kutoka upande wa pili wa mto walikuja wengine, nao na kuni. Bibi mmoja mkubwa sana, tuliyemwita Bibi wa Ng'ambo, aliyekuwa hateremki kilima chake isipokuwa kwa msiba, alikuwa ameshikwa mikono na wajukuu. Mtu mmoja akapata akili akazima muziki.

Bibi wa Ng'ambo akauliza, "Marehemu yuko wapi?"

Mpiga Kinanda alivua miwani. "Hakuna marehemu, mama. Ni wimbo."

Yule bibi alimtazama, kisha akaitazama ndoo iliyobebwa na mjukuu wake. "Na unga huu?"

Tungeumwaga barabarani? Ungerudi na sisi nyumbani? Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena, na nikaona wengine wameshika majembe vibaya. Ndipo mama yake akatokea. Alitembea katikati yetu, mzima, amejitanda kitenge kipya, anatabasamu.

"Mmeitwa na mimi," alisema. "Mtakula kwangu. Leteni huo unga."

Tukaenda, kwa kuwa hatukuwa na njia nyingine. Mnunuzi wa kahawa kwa aibu alitoa nguruwe. Tulipika sufuria juu ya sufuria, wacheza disko na wafiwa wasiofiwa wakakaa mkeka mmoja, na yule bibi akala mbele yetu, akaramba vidole, akaangalia uwanja wake uliojaa watu na majembe. Alisema sasa ameuona msiba wake, na watu wamekuja wengi, anashukuru. Tulicheka. Wakati ule ilichekesha. Hata Bibi wa Ng'ambo alikula, ingawa hakucheka.

Wimbo ulitembea. Madereva waliuchukua, ukafika Matiri, ukashuka mpaka ziwani. Kwetu mlimani ulitusumbua mwanzoni, kila ulipopigwa mwanamke mmoja aliinuka na kushika kanga. Baadaye tukajifunza kuutambua. Ilikuwa rahisi. Sikiliza mvua. Kilio chenye mvua nyuma yake ni cha kanda, na kilio kikavu ni cha mtu. Akina mama waliwafundisha mabinti zao hivyo, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi hakuna aliyekosea. Kwamba masika yatakuja na mvua ya kweli, hilo hatukulifikiri, sijui kwa nini. Tulikuwa tumechoka kudanganywa.

Masika yalipofika sikuwepo. Dada yangu alilazwa hospitali ya Liuli, nikashuka kumuuguza. Jioni moja nikienda kununua usipa, dagaa wa kule ziwani, wa kumpikia, nikakuta wimbo unapigwa kwenye kibanda karibu na maji. Wanyasa walikuwa wanaucheza, wanawake wamejipanga wanausukuma kwa mabega kama wanavyofanya kwenye ngoma yao ya kioda, na kila bibi alipoita wao waliitikia kwa makofi. Hawakujua Kimatengo. Mimi nilisimama na kapu langu. Mama mmoja muuza samaki akaniuliza huyu bibi anaimba nini.

"Anaita watu," nikamwambia.

"Basi si tumekuja," akasema, akarudi kucheza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemzika dada yangu kule ziwani, nikakuta na yule bibi ameshazikwa. Sauti ya Kwanza alinisimulia, ameketi kwenye gunia lilelile la kahawa.

Alikufa asubuhi, mvua inanyesha. Sauti ya Kwanza, ambaye alikataa kumlilia mzima, alitoka uani akamlilia maiti. Alilia kama inavyotakiwa. Alijua kulia, ni sauti ya kwanza yule. Akanyamaza kidogo asikie kilima cha pili kikiitikia. Hakikuitikia. Akadhani mvua imemfunika, akasogea mpaka kwenye ukingo wa shamba, akalia tena. Ng'ambo ya bonde alimwona mwanamke amesimama mlangoni, amegeuza sikio. Kisha mwanamke huyo akaingia ndani, akafunga mlango kwa sababu ya baridi.

Mpiga Kinanda alikuwa barazani. Alisema, "Watakuja." Mchana ukaingia, akasema tena watakuja, njia zina tope. Alikuwa amepanga mabenchi. Miguu yake, mkewe aliniambia, ilikuwa inakanyaga kwa kasi ambayo hajawahi kuiona, kama mtu anayejaza upepo kinanda kilichotoboka. Hakuna aliyekuja siku ile.

Kesho yake mvua haikuwa imekatika. Mkewe alijifunika nailoni akatoka kwenda mlango kwa mlango. Watu walishtuka, wengine walilia palepale, wakasema walisikia lakini kilio kilikuwa na mvua. Wachache walitoka naye. Wengine waliahidi kufuata. Alipofika kwa Bibi wa Ng'ambo, bibi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkaribisha ndani, hakuwa na ukali wowote. Alimwambia, "Unga wake tulishaupeleka. Tukaula naye mwenyewe."

Maneno hayo yalizunguka mlima mzima kabla ya yule mke mwenyewe. Alikokwenda baadaye alikuta yameshafika. Nimeyafikiria sana, na bado sijui kama lilikuwa kosa au ilikuwa haki. Msiba wa bibi yule ulikuwa umeshaliwa. Tulimlilia, tulimpikia, na majembe yalipelekwa yakarudi. Ni nani anayezikwa mara mbili?

Wakati mkewe anazunguka, Mpiga Kinanda alichimba kaburi. Alianza na soksi mikononi. Udongo wetu ukilowa unanata kwenye jembe kama ugali mbichi, na soksi zikawa zinateleza kwenye mpini, basi akazivua. Mkewe aliporudi na watu wake wachache, na paroko, na waimbaji kadhaa wa sauti ya pili, walimkuta ndani ya shimo linalomfika kifuani, mikono imechubuka mpaka nyama inaonekana, anachimba kwa mwendo mmoja usioongezeka wala kupungua. Walimwambia atoke. Alisema anamalizia. Kidole chake cha shahada cha kulia kiliingia uchafu, kikavimba, kikapona kimepinda.

Nilikwenda kumpa pole. Hakulaumu mtu. Nilingoja alaumu, nilitaka alaumu, nilikuwa nimejiandaa kumsaidia. Aliniambia tu kwamba alikuwa amekwenda kwa yule mnunuzi wa kahawa kumwomba asiupige tena ule wimbo. Mnunuzi alikuwa ameshika kanda mkononi. Alimjibu kwa upole, "Mzee, umeshauza. Hili ni soko huria."

Na ukaendelea kupigwa. Wanunuzi walipotoweka bei ilipoanguka, ulibaki kwenye mabasi, kwenye harusi, kwenye baa za Mbinga mjini. Watoto waliozaliwa baadaye waliucheza bila kujua ni nini. Yeye alirudi kwenye kinanda cha kanisa na kidole chake kilichopinda, akawa anakosea noti moja, ileile kila mara, na tulijifunza kuimba juu ya kosa lake. Panya walipotafuna mifuko ya upepo, kinanda kikafa. Kile cha umeme alikipa parokia ya jirani, ambako nasikia wanakipigia ngoma.

Miaka ikapita. Kahawa nyingi tuling'oa tukapanda mahindi. Akavimba miguu, miguu ile isiyotulia, ikashindwa hata kumbeba mpaka kanisani. Mwisho nilimwendea na unga. Nilikuwa sijawahi kupeleka unga wa mama yake, ule wa pili, na jambo hilo lilikuwa linanikereketa. Niliuchota kwa ndoo ileile, nikavuka mto.

Alikuwa kitandani, dirisha wazi. Alinitazama, akaitazama ndoo, akaelewa mara moja. "Sauti ya Pili," alisema, "umechelewa."

Nikamwambia shikamoo, akaitikia, tukakaa. Mkewe aliupeleka unga jikoni. Tuliongea habari za kwaya mpya, aliyosema inaimba kama watu wanaokimbia nyuki. Chini ya blanketi hakuna kilichosogea, na hilo lilinisikitisha kuliko uso wake.

"Siku ile ungekuwepo," aliniuliza, "ungekuja?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Mtu mgonjwa unampa anachoomba. Lakini huyu alifunga macho akasubiri, kama alivyosubiri siku zote aliyekosea noti ajijue mwenyewe.

Nikamuuliza kama mvua ilikuwa kubwa.

"Kubwa."

"Basi nisingekuja."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, na nikaona kama amepumzika. Akaniambia, "Nikifa msinililie. Sitaki kilio. Sauti ya Kwanza atakuja kwako, nanyi mtakwenda mlango kwa mlango. Mseme kama mnavyosema habari ya kawaida." Niliahidi. Mkewe alileta ugali, tukaula wote watatu kwenye sahani moja, na yeye alikula kidogo kwa kidole chake kilichopinda.

Alifariki mwezi wa nane. Jua lilikuwa kali, hewa kavu, hakuna wingu hata la kuazima. Mkewe hakulia. Alijifunga kanga akaja kwangu, akagonga, nami nikatoka. Tuliteremka, tukapanda, tukateremka. Bibi wa Ng'ambo alikuwa ameshakufa zamani, basi tulianza na wajukuu zake. Katika kila nyumba nilisema vilevile, kwa sauti ya kawaida, kwamba Mpiga Kinanda amefariki, njooni.

Hakuna aliyeuliza amekufa lini, wala kwa ugonjwa gani. Wote, mmoja baada ya mwingine, walisimama mlangoni wakaniuliza kwanza kama ni kweli. Nikawajibu kwamba nimemshika kwa mikono yangu, na amepoa.